Miwani ya Theluji, Karume

Robota lilipopasuliwa Jumanne
zilitoka jaketi za watoto, soksi zisizo na wenzake,
na miwani hii, mikubwa kama uso wa nyigu,
kioo rangi ya chungwa, mkanda umelegea,
ndani yake chembe nyeupe zimekauka pembeni:
chumvi ya jasho la mtu nisiyemjua.
Wenzangu wakacheka. "Huyo alikuwa fundi wa kuchomelea?"
Nikaitundika kwenye msumari, juu ya jinzi.
Ikakaa wiki tatu ikiitazama Ilala,
ikingoja baridi.

Jana akaja dada mmoja, Salhina,
muuguzi, viatu vya mpira, harufu ya dawa ya sakafu.
Wanapanda mlima mwezi wa saba, yeye na wenzake wa wodini.
"Bei gani?"
"Kumi na tano."
"Hii ya kuchomelea?"
"Ya theluji. Na kama unakwenda nayo juu
kaa hapo kwenye ndoo nikuambie. Maneno siyauzi."

Losheni ya jua, nikaanza. Akacheka:
"Mimi na weusi huu, nimekulia Buguruni,
jua litanifanya nini?"

Weusi ni kanga, dada, si bati.
Jua la Dar linatoka juu, unalijua, unalikwepa,
unahama na kivuli cha ukuta kama kuku.
La kule linatoka chini.
Linapiga barafu, linarudi, linakushika kidevu kwa ndani
kama mtu anayekulazimisha umtazame.
Paka chini ya pua. Paka na matunduni.
Nyuma ya masikio, na pale shingo inapokutana na kola.
Mkipumzika paka tena, hata mawingu yakifunga,
hasa mawingu yakifunga.

Midomo, mafuta ya mgando, kopo dogo,
liweke mfuko wa ndani, lilale na joto lako,
maana kule yanaganda kwelikweli.
Na usilambe. Utataka kulamba.
Ulimi ni mkopeshaji: unakupa unyevu wa dakika moja,
kisha unakuja kudai na ngozi, ndiyo riba.

Akaniangalia. "Umeyajulia wapi haya, hapa Karume?"

Nikamwonyesha mdomo wa chini, upande wa kushoto,
pale mstari ulipokatika.
Nilibeba mizigo misimu minne. Hema mgongoni, mayai kichwani.
Msimu wa mwisho mgeni wangu aliangusha miwani korongoni,
nikampa yangu. Hakuniomba.
Nilikuwa kijana, nilitaka bahashishi.
Mchana ule hakuna kilichouma. Hicho ndicho kibaya:
jicho linaungua kama ukoko, kimya,
mpaka usikie harufu.
Usiku ndipo mchanga ulipoingia, mchanga wa moto,
hili na hili.
Siku mbili kitambaa cheusi,
nikashuka nimeshika mkoba wa mpishi, Elinami,
akinihesabia njia: "Jiwe. Jiwe. Tope. Jiwe."
Bahashishi nilipewa. Niliipapasa tu.

Hakusema pole.
Alivuta kope yangu ya chini kwa kidole gumba,
palepale, katikati ya masuruali,
akaangalia kwa muda mrefu, akaiachia.
"Elfu nane," akasema.
"Tisa."
Akalipa tisa, akaivaa hapohapo,
akavuka barabara ya Uhuru na uso wa nyigu,
vijana wa bodaboda wakimpigia honi,
na mimi nikakumbuka nimesahau kumwambia
aifute kwa kitambaa laini, si kwa kanga,
wala asiivue kwa ajili ya picha.

Sasa msumari uko wazi.
Watu hudhani nina kiburi, nimeipa njia mgongo.
Ng'ambo pale wameezeka mabati mapya.
Ikikaribia saa sita nageuza kiti,
nauza kwa kusikiliza miguu.